Bati la alumini 2024 lilikunjika vizuri Ijumaa, Jumatatu likapasuka. Nimekosea wapi?

Kipanga_Mota

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi.

Natengeneza mabano manne ya kushikilia mota za droni ya kubeba mzigo. Bati ni alumini 2024-T3 (2024 ni aina ya aloi, T3 ni hali ya ugumu wake), unene milimita 1.6, ile iliyovikwa utando wa alumini safi pande zote mbili (Alclad). Kila bano lina kunjo moja la nyuzi 90. Mchoro niliuchora mwenyewe na rediasi ya ndani nikaiweka mm 2.

Kipande cha kwanza nilikikunja kama kilivyo. Kabla hakijafika nyuzi 60 nikasikia "tak!", ufa ukakimbia mgongoni mwa kunjo kutoka ukingo mmoja hadi karibu na wa pili. Ukiuchungulia ndani una rangi ya kijivu iliyofifia, chengachenga kama chumvi ya mawe.

Rafiki yangu ana tanuri la umeme la kuchomea vyungu. Nikaliseti nyuzi 500 za Selsiasi, nikapanga vipande sita, nikaviacha kama nusu saa, nikavitoa kwa koleo na kuvichovya kwenye ndoo ya maji. Niliwaza habari ya shaba: ukiipasha moto na kuichovya, inalainika. Na kweli ilikuwa hivyo! Ijumaa ile ile mchana nilikunja vipande viwili papo hapo, vikalala kwenye pembe bila hata alama. Nikafunga kazi nikijua vinne vilivyobaki ni vya dakika kumi tu.

Jumatatu asubuhi nikafunga cha kwanza kwenye mashine: tak. Cha pili: tak. Cha tatu hivyo hivyo. Cha nne sijakigusa. Tanuri moja, ndoo moja, wakati mmoja, bati lilikatwa kutoka shiti moja. Hakuna aliyevigusa mwishoni mwa wiki. Kingine ni kwamba kimoja kati ya vilivyopasuka kina malengelenge madogo kwenye kona, ukipitisha kidole unayahisi.

Kulitokea nini? Na vile viwili vya Ijumaa naweza kuvifunga kwenye droni?

Masizi_na_Moto

Mkuu, tanuri la nini? Washa asetilini bila oksijeni, paka bati masizi meusi, kisha fungua oksijeni upashe taratibu mpaka masizi yapotee. Acha lipoe lenyewe, kunja. Usichovye. Nimefanya hivyo kwa matangi na vifuniko miaka mingi.

Mama_Jiriwa

Mwanangu Kipanga, pole. Mikono yako haina kosa, kosa liko kwenye saa. Nimefanya kazi ya mabati ya ndege miaka 22, na 11 kati ya hiyo nilikuwa chumba cha tanuri. Karibu kila kijana aliyepita kwangu alikuja na imani hiyo hiyo ya shaba.

Shikilia jambo hili kwanza, mengine yote yanatoka hapo. Ndani ya 2024 kuna shaba asilimia 4 na kitu, na magnesi asilimia moja na nusu hivi. Ukilifikisha bati karibu nyuzi 495, shaba na magnesi vinayeyukia ndani ya alumini ingawa alumini yenyewe bado ni yabisi. Ukilichovya ghafla, vinanaswa humo humo vikiwa vimetawanyika, havipati nafasi ya kujikusanya. Hali hiyo mafundi tunaiita W. Bati la W ni laini kweli, ndilo ulilolikunja Ijumaa ukafurahi. Lakini W haitulii. Hata likiwa mezani kwenye joto la kawaida, shaba na magnesi vinaanza kujikusanya kwenye vijikundi vidogo mno, na vijikundi hivyo ndivyo vinavyozuia metali isiteleze unapoikunja. Kwa 2024, nusu saa tu baada ya maji mkono wenye uzoefu unahisi tofauti. Baada ya siku moja sehemu kubwa ya nguvu imerudi. Baada ya siku nne tunasema limekomaa. Kwa hiyo Jumatatu ulikuwa unakunja bati lililokaribia ugumu lililokuwa nao siku ya kwanza, kwa rediasi ile ile iliyolivunja siku ya kwanza.

Na usione haya, maana jambo hili liligunduliwa kwa njia hiyo hiyo yako. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Alfred Wilm, alikuwa anapima ugumu wa alumini yenye shaba na magnesi aliyoipasha na kuichovya. Vipimo vilianza kabla ya mapumziko ya mwisho wa wiki, vilipoendelea baadaye metali ilikuwa imekuwa ngumu zaidi bila mtu kuigusa. Kutokana na hapo ikaja Duralumini, iliyochukua jina la mji wa Düren. Sababu yenyewe, yaani vile vijikundi, haikuonekana mpaka 1938, Guinier huko Ufaransa na Preston huko Uingereza walipoviona kwa eksirei, kila mmoja kivyake. Miaka mingi watu waliruka angani na metali ambayo hakuna aliyekuwa ameona kinachoifanya ngumu.

Ndugu Masizi, njia yako naiheshimu na nimeitumia mwenyewe kwa alumini za aina ya 3003 na 5052. Hizo hazikomai kwa joto, ugumu wake unatokana na kuviringishwa baridi, ukizipasha zinalainika na habari imeisha. Kwa 2024 ni hatari. Kuilainisha kabisa kunataka nyuzi 413 kwa saa mbili hadi tatu, kisha ishuke polepole, kama nyuzi 28 kwa kila saa, mpaka 260, ndipo uiache hewani. Moto wa mkononi hauwezi kufanya hivyo. Unapata bati lenye doa laini hapa, gumu pale, na hujui mpaka wa doa uko wapi. Na ukifaulu kulilainisha, nguvu ya kuvutwa inashuka kutoka megapaskali mia nne na zaidi hadi chini ya mia mbili, wala hairudi mpaka upite tena kwenye nyuzi 495 na maji. Bano la mota lililo laini hivyo mimi silitaki juu ya kichwa cha mtu.

Sasa malengelenge. Mchanganyiko wa 2024 una sehemu zinazoanza kuyeyuka karibu nyuzi 502. Tanuri la vyungu ukiliseti 500, nyaya zake zikiwa wazi pembeni, kona iliyo karibu na waya inavuka hapo bila wewe kujua. Unyevu ndani ya tanuri nao unaweza kuleta malengelenge. Vyovyote iwavyo, kipande hicho kimekwisha. Chembe za metali zikishayeyuka mipakani mwake hakuna kupasha kwingine kunakozirudisha. Na kwa kuwa vyote sita vililala tanuri moja, hata vile viwili vizuri vya Ijumaa siviamini. Inawezekana kabisa vimekomaa vikawa na nguvu zake zote. Lakini wewe na mimi hatujui vilifika nyuzi ngapi, wala vilikaa sekunde ngapi hewani kabla ya maji. Vitumie kujaribia skrubu.

Hizo sekunde nizisemee kidogo, kwa sababu watu wanazidharau. Bati la mm 1.6 lina sekunde 10 tangu mlango wa tanuri uanze kufunguka mpaka lizame lote. Likichelewa, shaba inakimbilia mipakani mwa chembe na kukaa hapo. Bati linaonekana zuri, linakunjika vizuri, hata kipimo cha ugumu kinaweza kulipitisha. Ubaya wake ni kutu inayotambaa ndani, chembe kwa chembe. Mwaka wangu wa pili tulihamisha pipa la maji ili tupitishe kitoroli, nikawa natembea hatua nne zaidi. Hakuna aliyeshika saa. Miezi baadaye mkaguzi akaniita, akaniwekea mezani kipande kilichokatwa na kung'arishwa, nikatazama kwenye hadubini: mistari myeusi imeizunguka kila chembe kama nyufa za tope lililokauka. Tulitupa kundi zima. Kuanzia siku hiyo nikipasha kitu, kuna mtu wa pili anayehesabu sekunde kwa sauti.

Ungekuwa mbele yangu ningekushauri hivi. Kwanza, badili mchoro. Mm 2 kwa bati la 1.6 ni kali mno hata kwa W, na kwa kitu kinachotetemeka mchana kutwa, kunjo kali ndipo uchovu wa metali unapoanzia. Weka mm 5 kisha ulikunje likiwa W. Au kama nafasi ipo, weka mm 8 au 9 ukunje T3 baridi kama ilivyo, uachane na tanuri kabisa. Hilo la pili ndilo ningefanya mimi.

Pili, kata vipande vipya. Alclad ya unene huo hairudiwi kupashwa ovyo, tunaruhusu mara moja tu. Kila ukiipasha, shaba ya ndani inapenya kwenye utando wa alumini safi, na ikifika juu utando haukingi kutu tena. Kipande chako cha nne kimeshatumia mara yake.

Tatu, kingo. Nikiangalia ufa ulioanzia ukingoni, nauliza tupa ilipita? Ukikata kwa mkasi ukingo unabaki na vijimeno, kila kijimeno ni mwanzo wa ufa. Lainisha kwa tupa, malizia kwa msasa ukivuta kufuata urefu wa ukingo, mpaka kucha ikipita isikwame. Mstari wa kunjo uukate mwelekeo wa kuviringishwa wa shiti, usilale sambamba nao. Na alama usichore kwa sindano wala penseli. Sindano inakwangua utando, risasi ya penseli inaacha kaboni inayokaribisha kutu. Tumia kalamu ya wino.

Kipanga_Mota

Mama, asante sana. Nimesoma mara tatu. Hapo kwenye tupa umenikamata, kingo zangu zilikuwa kama msumeno.

Rediasi ya 8 haiingii, mota itagusa ukuta wa bano. Mm 5 inaingia. Kwa hiyo nitapita njia ya W. Nina maswali matatu. Je, nikivitia vipande kwenye friza baada ya maji, saa inasimama? Tanuri liko hatua saba kutoka kwenye bomba, nifanyeje? Na mtu ameniambia niachane na 2024 nichukue alumini aina ya 7075 kwa sababu ina nguvu zaidi, ni kweli?

Mama_Jiriwa

Friza: saa haisimami, inakwenda polepole sana. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri 2024 inakaa siku nzima bado inakunjika. Viwandani wanakwenda chini zaidi, wengine wanatumia barafu kavu. Masharti ni mawili. Kipande kiingie ndani ya dakika chache tangu kitoke majini, maana dakika zilizopita mezani hazirudishwi na baridi. Na friza iwe imeshaganda tayari, usiweke bati la uvuguvugu kwenye friza iliyojaa vitu vingine ukadhani limepoa. Halafu andika saa juu ya kila kipande. Umeme ukikatika usiku, asubuhi utakuta kila kitu kimeganda tena na hutajua. Sisi tuliweka ndani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu ya barafu. Sarafu ikikutwa imezama, kundi lote halikunjwi.

Lakini wewe una vipande vinne. Huhitaji friza. Andaa mashine, funga kalibu, jaribu pembe kwa kipande chakavu, kisha pasha. Ukishatoa majini, kunja vyote ndani ya dakika 20.

Hatua saba: sogeza maji, usisogeze miguu. Pipa likae chini ya mlango wa tanuri. Maji yawe mengi na ya baridi, yasizidi nyuzi 38 hata baada ya kuchovya. Ndoo moja kwa vipande sita inapata moto, ukachovya cha mwisho kwenye maji yanayokaribia kuchemka. Vining'inize kwa waya, viingie kwa ukingo, wima, vyote pamoja, kisha uvitikise humo humo ili mvuke usivigande. Kikiingia kwa ubapa kitajikunja kama jani kavu. Kikipinda kidogo usihuzunike, kinyooshe kwa nyundo ya mbao kikiwa bado W.

Muda ndani ya tanuri ni dakika 30 hadi 40, na hesabu inaanza bati lenyewe linapofika joto, siyo mshale wa tanuri. Funga thamokapo (kipima joto cha waya) kwenye kipande chenyewe. Lenga 493, usivuke 499. Weka karatasi ya chuma kati ya nyaya na vipande ili mwako usivipige moja kwa moja.

Kuhusu 7075, aliyekuambia hajadanganya. Ikiwa T6, yaani hali yake iliyokomazwa tanurini, inafika megapaskali 570 hivi za kuvutwa, 2024-T3 iko kama 480, ikiwa na utando hupungua kidogo. Tabia yake ndiyo tofauti. Ukiichovya inabaki laini kwa saa kadhaa, jambo linalowafurahisha wakunjaji, lakini ukiiacha mezani haifiki mwisho: inaendelea kubadilika wiki, miezi, hata miaka. Lazima uirudishe tanurini, nyuzi 120 kwa saa 24, ndipo iwe T6. Na T6 ikivutwa muda wote penye unyevu inaweza kupasuka yenyewe taratibu, ndiyo maana kuna T73, inayopashwa kwa hatua mbili na kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya nguvu ili isipasuke hivyo. Kwa bano linalotetemeka, 2024 inavumilia ufa mdogo usikimbie haraka. Baki nayo.

Mpima_Ugumu

Naongezea jambo moja kwa Kipanga. Weka kipande cha tano kidogo, cha majaribio, kipite tanuri lile lile na maji yale yale, kisha ukiache siku nne. Huo ndio ushahidi wako. Kabla ya kupima ugumu kwangua utando wa Alclad mpaka ufikie kiini, la sivyo kipimio kitasoma alumini safi na utapata namba ya kukutisha bure. Kwa kipimo cha ugumu cha Brinell, karibu 120 ni nzuri, iliyolainishwa kabisa inasoma kama 47. Ukipata mtu mwenye kipimio cha upitishaji wa umeme, ni bora kutumia vyote viwili: 2024 iliyokomaa inapitisha karibu asilimia 30 ya kiwango cha shaba safi, iliyolainishwa inapitisha karibu 50. Ugumu peke yake unaweza kukudanganya, vyote viwili kwa pamoja si rahisi.

Kipanga_Mota

Narudi na majibu, ni siku ya kumi leo.

Nilifunga thamokapo mbili kabla ya kuweka bati lolote. Tanuri lenyewe lilisema 495. Rafu ya kati ilisoma 478, na pembeni karibu na waya ilisoma 511. Hapo nikaelewa malengelenge yametoka wapi, na nikashukuru sikufunga vile viwili vya Ijumaa. Nikasimamisha karatasi za chuma pande zote mbili, nikabana mianya ya mlango, nikajaribu tena mara nne. Mwishoni tofauti ilibaki kati ya 490 na 497.

Pipa niliweka chini ya mlango. Mdogo wangu akahesabu kwa sauti, akafika sita vipande vikazama. Maji yalitoka nyuzi 21 yakafika 24. Kimoja kilipinda, nikakinyoosha kwa nyundo ya mbao. Cha mwisho nilikikunja dakika ya 14, na nilihisi mkono unadai nguvu kidogo kuliko cha kwanza. Hakuna ufa hata mmoja, nimeangalia kwa lenzi. Nilikunja mpaka 92 kwa sababu bati hurudi, likakaa 90.

Kipande cha majaribio, siku ya tano: Brinell 118, umeme asilimia 30.

Nina swali la mwisho. Matundu ya skrubu nitoboe sasa, au ningetoboa kabla ya tanuri?

Mama_Jiriwa

Toboa sasa, mwanangu. Ungetoboa kabla, maji yangeyasogeza na kunjo lingeyavuta yawe mayai. Anza na kekee ndogo kwa sehemu ya mm moja kuliko kipimo, malizia kwa kipimo chenyewe, halafu ondoa vijimeno pande zote mbili za tundu kwa kekee kubwa uliyoishika kwa vidole. Tundu likae angalau kipenyo mara mbili kutoka ukingoni, na usilisogeze likagusa pale kunjo linapoanzia. Ukishamaliza tuwekee picha ya mgongo wa makunjo, kwa karibu, taa ikiwa ubavuni.